Pepo Mmoja Hatoshi

Jumatatu, 4 Agosti

Umeme umekatika saa nne, kama jana, kama juzi. Kompyuta mbili kimya. Mashine ya fotokopi kimya. Mama Régine, mwenye kibanda chetu cha kuchapa barua hapa mtaa wa Manika, yeye hakatiki. Amesema tangu saa nne mpaka saa nane.

Mimi nimepata nafasi. Kurasa tisa zaidi kwa kalamu, mgongo ukutani, vumbi la malori likiingia dirishani. Ngoie wangu amefika sura ya sita, kwenye tanuru kubwa. Ana miaka kumi na tisa, ana mkuki wa babu yake, haogopi kitu isipokuwa chura. (Hilo la chura ni langu.) Ni enzi za misalaba ya shaba, kabla ya reli, kabla ya wazungu, mafundi walipopika jiwe la kijani kwenye matanuru ya udongo na bila misalaba hakuna aliyeoa. Ndani ya tanuru amejificha pepo. Anakula shaba kabla haijatoka. Mafundi wanapika siku nzima, wanaambulia majivu. Ndipo anaitwa Ngoie, mwindaji wa pepo.

Nampenda sana msichana huyu. Anafanya yote ambayo mimi siwezi, na halipi pikipiki ya taksi-moto.

Pepo hana jina bado.

Jumatano, 6 Agosti

Pepo amepata jina. Kabange.

Najua. Si vizuri. Lakini Baba amemlalamikia Kabange tangu chai ya asubuhi mpaka nilipopanda pikipiki, na nilipofika kazini kalamu iliandika yenyewe. Kabange Mla-Shaba. Linakaa vizuri mdomoni. Nitalibadilisha kabla mtu hajasoma.

Niandike jambo hili mara moja, nisilirudie. Baba yangu ni Kyungu. Kwetu Waluba mapacha huja na majina yao: anayetangulia ni Kyungu, anayefuata ni Kabange. Kabange ni baba mdogo, anakaa Tenke, alikuwa mtu wa reli. Baba alikuwa mtu wa tanuru katika kampuni. Ndiyo maana tuna nyumba hii ya mtaa wa kampuni, Kapata, na ndiyo maana macho yake yamechoka, simu anaisoma kwa kunyoosha mkono wote.

Bibi alifariki miaka sita iliyopita. Alikuwa na kitu kimoja cha thamani: msalaba wa shaba wa zamani, uliotoka kwenye mahari ya bibi yake. Siku ya mwisho aliyekuwa kando ya kitanda ni Baba peke yake. Bibi akamwekea mkononi. Baba mdogo alifika kesho yake, akauliza: na wangu? Hakukuwa na wake.

Mama wa mapacha hatoi kimoja. Ukimpa huyu shati, unampa na yule shati. Shuleni akikosa mmoja walichapwa wawili, na hakuna aliyelalamika. Lakini msalaba ulikuwa mmoja. Baba mdogo akarudi Tenke. Hajakanyaga Kapata tena.

Tarehe 31 wanatimiza miaka sabini. Mama anataka wakae meza moja. Mimi nataka hilo kuliko ninavyotaka kumaliza kitabu. Baba anasema hakatai, mlango uko wazi. Baba mdogo anasema hakatai, barabara iko wazi. Basi wote wawili wamekaa kwao.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama Régine amefungua mtoto wa meza kutafuta gundi. Amekuta daftari. Amesoma wakati wa chakula, hakula. Samaki wake amepoa hapo hapo.

Anasema ni kitabu kikubwa. Mimi nimefurahi kama mjinga. Nimesahau kabisa lile jina.

Jumamosi, 9 Agosti

Balaa.

Mama Régine amejirekodi kwenye simu akisoma sura ya saba. Sauti ya Ngoie, sauti ya mafundi, na sauti ya pepo, ambayo anaitoa tumboni. Amepeleka kwenye kikundi cha kwaya yake. Kwaya imepeleka kwingine. Anafikiri amenisaidia. Amenipa na soda juu yake.

Nimemwambia jina la pepo ni la baba yangu mdogo. Ameweka mkono mdomoni. Ni mara ya kwanza kumwona amenyamaza na umeme upo.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani wanawake watatu wameniuliza kama pepo atakufa. Mama alikuwa pembeni yangu. Alijua naandika habari za zamani. Mapepo hakujua.

Nyumbani amechukua daftari, ameliweka juu ya meza, ameweka mkono juu, ameomba. Maombi marefu. Amewafunga pepo wote wa kurasa zote. Mwishoni ameomba Ngoie apate mume mwema. Nimesema amina kwa hilo la kwanza tu.

Kisha amekaa chini akaniuliza kwa sauti ndogo sura ya nane inasemaje.

Baba hajasikia bado. Sauti haijafika kwenye simu yake. Itafika.

Jumatatu, 11 Agosti

Imefika Tenke kwanza.

Baba mdogo amenipigia mimi mwenyewe. Nilipoona jina lake nilitaka kuingia chini ya meza. Miaka sita ananitumia salamu za sikukuu tu. Nimepokea. Nimeanza kuomba msamaha kabla ya kusalimu.

Alikuwa anacheka. Anacheka mpaka anakohoa. Asubuhi pale kituo cha reli watu wamemwamkia «Mla-Shaba». Muuza ndizi amemwogopa. «Mutoto yangu, aksanti sana! Miaka yote banasema mi ni muzee wa reli. Sasa niko shetani mukubwa!» Ameuliza kama pepo ana mke. Nimesema hana. Amesema nimtafutie, lakini asiwe mnene, kwenye tanuru nafasi ni ndogo.

Nimekata simu nikacheka peke yangu mpaka mteja akauliza kama tumefunga.

Kwa hiyo nimepona. Nafikiri nimepona.

Jumanne, 12 Agosti

Sijapona.

Baba amesikia. Jirani amemletea simu mpaka mlangoni. Amesikiliza yote, amesimama, ameirudisha simu kwa mikono miwili kwa adabu. Hakuniangalia. Bukari, ugali wetu, ameiacha nusu. Baba haachi bukari.

Nina aibu. Nimemchafua ndugu yake mbele ya Katanga nzima. Mtu unaweza kumlaumu ndugu yako siku nzima mezani kwako, lakini akiguswa na mwingine, hata mtoto wako, damu inachemka. Hilo nilipaswa kulijua.

Jumatano, 13 Agosti

Hasemi. Anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Alhamisi, 14 Agosti

Amesema. Na mimi sikuwa nimeelewa kitu.

Nilikuwa napiga pasi. Amekuja amesimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja ofisini kuomba karatasi. «Unaweka Kabange mu kitabu. Muzuri. Kyungu iko wapi?»

Nimefikiri sikusikia. Amerudia. Ati Kabange ni pepo mkubwa, anakula shaba, watu wanamkimbia, anajulikana mpaka kituo cha reli. Na yeye? Yeye aliyefanya kazi kwenye tanuru miaka yote, ndani ya kitabu cha tanuru, cha mtoto wake mwenyewe, hayumo? «Ata mufuko ya makala haubebeshi mi?» Ati hata mfuko wa makaa sikumbebesha.

Siku mbili nimelia kwa ajili ya heshima ya baba mdogo, kumbe mwenye kidonda ni huyu.

Nimecheka. Kosa. Amevaa kofia. Nimemkimbilia nikamshika mkono, nikasema Baba nisamehe, na hapo nikaona macho yake yana maji kweli. Si utani. Nimefanya kosa lile lile la miaka sita iliyopita. Nimetoa kimoja.

Nimeahidi. Kyungu ataingia. Ameuliza kama atakuwa pepo pia. Nimesema ukitaka. Amesema hataki kitu zaidi ya ndugu yake, na hataki pungufu.

Jumamosi, 16 Agosti

Kuingiza pepo wa pili kwenye kitabu chenye kurasa mia na ishirini si kazi ya kuongeza sahani mezani. Kila mlango uliofunguliwa na mmoja sasa unafunguliwa na wawili. Ngoie alimchoma Kabange mguu kwenye sura ya nne. Sasa Kyungu naye lazima achechemee.

Baba anafurahi. Anakaa karibu, anasikiliza, ananirekebisha. Leo amegundua kosa la pili. Nimeandika tanuru lina mvukuto mmoja, fundi mmoja anapuliza. Amenitazama kwa huruma. «Muvukuto moya, moto inapumua, inakufa. Inapumua, inakufa. Shaba haiyeyuke. Tunatia mbili. Ule anashuka, ule anapanda.» Babu yake alimwonyesha akiwa mdogo: viriba viwili vya ngozi, watu wawili wakipokezana, bila kukosea hata kidogo.

Kifutio changu kimekwisha.

Jumatano, 20 Agosti

Nimekwama pazuri.

Ngoie ana pepo wawili mbele yake. Akimpiga mkuki mmoja, jeraha linatokea kwa mwingine, kisha yote mawili yanapona. Akimfungia Kyungu ndani ya chungu, Kabange anapata nguvu maradufu. Hawauawi kwa hesabu ya mmoja mmoja. Asubuhi nzima nimemwacha amesimama hapo, maskini, na mkuki wake.

Saa saba, umeme ukiwa umekatika na Mama Régine akimenya chungwa, nimejua. Ngoie anaweka mkuki chini. Anakaa. Anawauliza wanataka nini. Hakuna mtu aliyewahi kuwauliza. Nao wanajibu kwa pamoja: mama yetu aliacha kitu kimoja.

Nimeandika haraka mpaka mkono ukauma. Kisha nimeogopa. Hiki si kitabu tena, hii ni nyumba yetu. Mama Régine amesoma, amenipa nusu ya chungwa.

Nimemwambia akirekodi hii naacha kazi.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimemsomea Baba. Saa kumi na moja, jua bado lipo, kwenye ngazi ya mlango. Nikafika pale. Mama yetu aliacha kitu kimoja.

  Amesimama, ameshika kiuno, ameelekea nyuma ya nyumba za mwisho. Amerudi kwa chakula. Amezungumza bei ya mafuta ya mawese.

Mama ameniuliza kwa macho. Nimejibu kwa mabega.

Jumamosi, 23 Agosti

Baba anachimba kichuguu.

Kile kikubwa, nyuma ya safu ya mwisho. Amevaa buti zake za kazi. Ndoo tatu za udongo kabla ya saa mbili. Mama amesimama na ungo mkononi anauliza kama amerukwa na akili. Amejibu kwamba udongo wa mchwa haupasuki motoni, kama vile hilo ndilo aliloulizwa.

Kisha ameingia chumbani, amefungua kabati, ametoa kitambaa kilichokunjwa. Amekikunjua mezani. Sikuwa nimeuona msalaba tangu mazishi. Mikono minne minene, mweusi kidogo pembeni, mzito kuliko ulivyo mkubwa. «Mama hakukosea. Alinipatia juu mi njo nilikuwa karibu. Mi njo nilikosea. Nilifunga mukono.» Ati Bibi alimpa kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu; aliyekosea ni yeye.

Anataka kuuyeyusha. Atoe miwili. Tarehe 31, hapa uwanjani, kwa tanuru kama la babu yao. Ameniambia nimpigie Tenke nimwambie aje.

Chura ametoka kwenye udongo. Nimepiga yowe mtaa mzima ukasikia. Baba amesema: «Njo huyu anawinda mashetani?»

Jumatatu, 25 Agosti

Nimepiga. Baba mdogo alipokea kwa mizaha: mke wa pepo yuko wapi. Nimesema Baba anamwita. Akasema atakuja siku msalaba utakapokuwa mezani aushike. Nimesema hautakuwa mezani, utakuwa motoni.

«Ya mama? Mu moto?» Kisha simu imekatika.

Sijui ni mtandao au ni yeye. Nimepiga tena mara nne. Haipatikani.

Nimemwambia Baba mtandao mbaya. Ameendelea kujenga. Tanuru limefika magotini.

Alhamisi, 28 Agosti

Hakuna habari. Simu ya baba mdogo imezimwa.

Ngozi mbili za mbuzi zinanuka uwanja mzima. Baba amezikata, amezishona kwa uzi wa viatu, amezipaka mafuta. Viriba viwili sawasawa. Kimoja amekiweka kulia kwa tanuru, kingine kushoto, na kila upande kigoda. Majirani wanakuja kuangalia. Wanauliza nani atakaa kile kigoda cha pili. Baba anasema: mwenyewe anakuja.

Nimekasirika. Namkasirikia baba mdogo, namkasirikia Baba, najikasirikia zaidi mimi na kalamu yangu. Asipokuja, Baba atabomoa tanuru na msalaba utarudi kabatini, na hatajaribu tena. Namjua. Ana mlango mmoja tu moyoni, na ameuchimba kwa jembe.

Ngoie pia amekaa. Sijaandika neno tangu Jumatatu.

Jumamosi, 30 Agosti

Amekuja!

Saa tisa mchana. Basi dogo limemshusha barabarani, ametembea katikati ya nyumba za kampuni na sanduku begani na kofia kama ile ya Baba. Watoto wakapiga kelele Mla-Shaba, Mla-Shaba. Amewaonyesha meno. Wamekimbia wakirudi, wakikimbia wakirudi.

Simu ilianguka kwenye ndoo ya maji siku ile ile ya Jumatatu. Ilikuwa mkononi, alishtuka, ikaanguka. Ndiyo hivyo tu. Siku tano za hasira zangu zimekwenda kwenye ndoo.

Yeye na Baba walisimama kila mmoja upande wake wa tanuru. Hawajakumbatiana. Baba mdogo amezunguka, amegonga udongo kwa kidole, ameinama ameangalia matundu. Amesema ukuta wa kushoto mwembamba. Baba amesema wa kushoto ni sawa na wa kulia. Wamepima kwa kamba. Ni sawa.

Ndani ya sanduku kulikuwa na feni ya kupulizia moto, ya umeme, ameinunua kwa fundi wa vyuma Tenke. Anasema zama za kupuliza na ngozi ya mbuzi zimekwisha. Baba ameangalia viriba vyake. Sikupenda sura yake. Mama ameita watu waje kula kabla mtu hajasema.

Mama amepakua sahani mbili zenye vipande vya kuku vilivyo sawa, mguu kwa mguu, na amezizungusha mara mbili mezani ili asijulikane aliyepewa kwanza. Nampenda mwanamke huyu.

Jumapili, 31 Agosti

Niandike yote, kwa utaratibu, hata kama mkono umeungua kidogo.

Kanisa kwanza. Wameimbiwa wote wawili. Kisha nyumbani, na uwanja umejaa. Mama Régine amekuja na kiti chake mwenyewe. Nimemnyang'anya simu mlangoni.

Tanuru limewashwa saa nane, umeme uliporudi. Makaa, kisha chungu kidogo cha udongo, kisha makaa tena. Baba ameshika msalaba. Amempa baba mdogo. Baba mdogo ameushika kwanza kwa mkono mmoja, kisha kwa yote miwili, ameuweka kifuani. Nimeangalia pembeni. Alipourudisha Baba hakuupokea. Wameuweka ndani pamoja, huyu ameshika mkono mmoja wa msalaba na yule mwingine.

Feni imewashwa. Kweli inapuliza. Moto umekuwa mweupe, baba mdogo ametamba, ametufundisha maendeleo. Baba amekaa kando ya kiriba chake, mikono magotini, hana kazi. Nilisikitika. Baada ya saa moja na zaidi Baba ameinama akachungulia, akasema unaanza kulainika kwenye kingo.

Umeme ukakatika.

Kapata nzima ikasema «ooo» kwa pamoja, kama kila siku. Feni imezunguka, imezunguka, imesimama. Moto ukaanza kuwa mwekundu mbele ya macho yetu. Shaba ikigandia humo, tanuru limekwisha na msalaba wa Bibi ni bonge la majivu. Baba alikuwa ameshakaa kwenye kigoda cha kulia, anapuliza. Moto ukapumua, ukafa. Ukapumua, ukafa. Vile vile alivyosema.

«Kabange! Unangojea nini? Kuya!»

Jina hilo, kwa sauti hiyo ya kumwita aje, sijalisikia kwake miaka sita. Baba mdogo ametupa koti. Amekaa kigoda cha kushoto. Mwanzoni walikosa mwendo, wote juu, wote chini, moshi ukatujia usoni. Wakatukanana vizuri sana. Ndipo Mama akaanza wimbo. Wimbo wa mapacha, wa zamani, ule usio na adabu hata kidogo, unaowataja mama na baba wa mapacha na walivyowapata. Mama yangu wa kwaya! Wanawake wote wakaupokea, wanaujua wote, waongo hawa. Na mikono ya wazee ikashika wimbo. Huyu anashuka, yule anapanda. Moto ukakaa. Haupumui tena, umekaa mweupe, unanguruma.

Sijui ni muda gani. Jasho lao lilikuwa linadondoka chini, kila mmoja akiona aibu kuchoka kabla ya mwenzake. Nilikuwa naongeza makaa kwa koleo na hapo ndipo nilipoungua. Baba amechungulia akasema neno moja. «Maji.» Nikafikiri ana kiu. Alikuwa anaisema shaba.

Wamemimina wenyewe kwenye mchanga, kwenye alama mbili alizochora Baba. Rangi ile siwezi kuiandika. Nitajaribu kwenye kitabu.

Ilipopoa wakaitoa. Misalaba miwili midogo, miekundu, mizuri. Lakini si sawa. Mmoja mkubwa. Umeonekana mara moja, hata kwa macho ya Baba.  Niliona miaka mingine sita inakuja.

Baba mdogo ameokota mkubwa. Amempa Baba. Ati yeye ndiye aliyetangulia. Baba ameurudisha, ati yeye amekaa na ule wa Bibi miaka sita peke yake. Baba mdogo ameukataa. Wakaanza kusukumiana, kwa hasira ya kweli, kila mmoja anakataa kupewa zaidi ya mwenzake. Wazee wawili wa miaka sabini, weusi kwa masizi, wanagombania kilicho kidogo. Mama Régine alikuwa analia waziwazi na hana simu ya kurekodi.

Mama ndiye aliyeamua. Mkubwa uende Tenke mwaka huu. Tarehe 31 Agosti ijayo baba mdogo aulete hapa, achukue ule mdogo. Mwaka unaofuata wabadilishane tena, kule kwake. Wamefikiri. Wamepima hilo pia, kila mmoja kwa upande wake. Wamekubali.

Ndani ya chungu kulikuwa kumebaki tone moja la shaba, kama kokwa la parachichi kwa umbo, dogo zaidi. Wameliangalia. Haliwezi kugawanyika. Baba mdogo amesema: «Ile ni ya mutoto.» Wamenipa, mikono yote miwili, mmoja huku mmoja huku. Bado lilikuwa la moto.

Jumatatu, 1 Septemba

Baba mdogo ameondoka na basi la asubuhi. Msalaba mkubwa ndani ya soksi, ndani ya sanduku. Feni ameiacha, ati Kyungu ajifunze maendeleo.

Kazini mapumziko ya kawaida ya umeme, saa nne mpaka saa nane. Nimeandika mwisho wa hadithi ya Ngoie. Mkuki ameuacha pale pale chini. Tone la shaba liko juu ya daftari, upepo haugeuzi kurasa.

Jioni Baba ameomba nimsomee kitabu chote, tangu mwanzo. Tumekaa kwenye ngazi. Nyuma yake tanuru limepoa, kuku wawili wamelala ndani. Ametoa simu, amenyoosha mkono wote, amepiga Tenke, ameiweka kati yetu. Baba mdogo amesema yuko tayari, na mke wake wa kweli pia.

Nimesoma ukurasa wa kwanza. Ngoie anaamka, anatafuta viatu, anasikia tanuru likinguruma mbali. Wa pili. Katikati ya wa tatu mtandao umekatika. Nimeendelea kusoma, maana Baba alikuwa amefumba macho na nilidhani anafurahi.

Ameweka mkono juu ya daftari. Tumengoja, yeye na mimi, mpaka simu ikalia tena.

«Ulisikia mpaka wapi?» Baba amemuuliza.

Baba mdogo hakukumbuka vizuri. Nikarudi ukurasa wa kwanza.